Mawe ya Boma Aliyabeba Nani?

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilishuka kijijini kwetu Kikwe kutoka shuleni Arusha nimenuna, salamu za njiani sizipokei. Nilikuwa kidato cha tano, na mwalimu wa Historia alikuwa amenirudishia insha yangu juu ya utawala wa Mjerumani. "Umemeza kitabu ukakitapika," aliniambia. "Jumatatu niletee nyingine. Ikiwa hivi hivi, utahama somo." Na mimi Historia ndiyo niliyoipenda, mengine niliyasoma kwa kulazimika tu.

Bibi yangu mzaa baba aliyaona ya Mjerumani kwa macho yake, akiwa mtoto. Basi nikamwendea na daftari, shikamoo nikaitupa juu juu. Akaanza kunieleza walivyochukuliwa, yeye na mama yake, kubeba mawe ya kujengea boma pale Arusha. Nikamkatiza: "Mwaka gani, Bibi?"

"Rika la babu yako lilikuwa bado halijatahiriwa."

Nikacheka. Ee, nilicheka! "Bibi, hiyo si tarehe."

"Umekuja kuniuliza au kunisahihisha? Hicho kitabu chako kinasema boma lilijengwa na nani?"

"Wajerumani."

"Mjerumani alibeba jiwe gani? Yeye alishika kiboko." Akauvuta mkono wangu, akauweka utosini pake. Pale mawe yalipokaa, nywele hazikuota tena.

Niliona aibu, mwanangu, mpaka machozi. Nikaweka daftari chini, nikamkatia ng'ombe wake majani, nikarudi kukaa. Safari hii nilisikiliza. Kesho yake, baada ya ibada, nikawauliza wazee wawili rika lile lilitahiriwa lini. Tukahesabu kurudi nyuma, ikaangukia miaka ile ile ya kitabu. Insha nikaiandika upya, mwalimu akaikubali, sikuhama somo. Nimelifundisha mpaka nikastaafu, na shukrani zote ni za Bibi.

Basi wewe uliye kidato cha tano leo, kitabu kisome, tena kisome kweli, ila usikimeze. Kikisema "lilijengwa", uliza na nani. Linganisha, kisha jibu swali uliloulizwa, si ulilolitamani. Na kwa mzee nenda na shikamoo kamili na mikono iliyo tayari kufanya kazi, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu liliponea chupuchupu.

Bibi hakujua kusoma. Nilipomsomea insha ile aliuliza jambo moja tu: "Na jina langu limo?"

"Limo, Bibi. Nimeliandika la kwanza."

Mungu akupe masikio kabla ya kalamu, mwanangu, na akujalie uwakute wazee wako wangali hai.