Mauaji Aliyoyaripoti Baba

Baba alianza kuniogopa mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali, na zilipita siku nne kabla sijaelewa kwamba anayeogopwa ni mimi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga mtaa wa Msamala, vyumba viwili na sebule, nikifundisha jiografia sekondari. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika miaka mitatu kabla. Katika vitu ambavyo mume wangu hakurudi kuvichukua kulikuwa na mashine ya gemu na diski tano za mfululizo mmoja wa Kijapani unaohusu magenge ya wahalifu. Mwanzoni niliiwasha ili nyumba isiwe kimya. Baada ya mwezi nilikuwa siwezi kumaliza Jumamosi bila kuigusa, na walimu wenzangu sikuwaambia, maana mwanamke wa miaka thelathini na nane anayecheza gemu huonekana kama ana kasoro fulani.

Watu wakisikia gemu ya majambazi wanadhani ni damu mwanzo hadi mwisho. Ngumi zipo, na visu vipo. Lakini kilichonishika ni mtaa. Gemu zote tano zinarudi kwenye mtaa uleule wa mji wa Kijapani, wenye taa nyingi na vichochoro vyembamba, na kila gemu miaka imepita: duka limefungwa, aliyekuwa kijana ameota mvi, mlinzi wa baa bado yupo. Unaweza kuacha vita vya magenge vikusubiri, ukaingia mgahawani kula tambi, ukaimba kwenye kipaza sauti, ukamsaidia mama mmoja kumtafuta paka wake. Yule jambazi unayemwongoza ana sura ya kutisha, lakini hawezi kumpita mtu anayelia. Mimi niliyekuwa nimepitwa na watu wengi nililipenda jambo hilo kuliko nilivyotaka kukiri.

Kisha Baba akaja. Alikuwa sajenti wa polisi mstaafu, mjane, analima mahindi yake Maposeni karibu na dada yangu mkubwa. Dada alimkuta asubuhi moja amesimama kwenye shamba la jirani, akiuliza njia ya kwenda nyumbani kwake, na nyumba inaonekana pale pale mbele yake. Daktari alituambia ni ugonjwa wa kusahau, kwamba hauponi, ila unaweza kwenda polepole. Ikaamuliwa akae kwangu mjini ili asikose kliniki.

Nilianza kuogopa siku ya kwanza. Niliogopa jiko la gesi, niliogopa geti, niliogopa simu yangu ikiita nikiwa darasani. Mama jirani, mfanyabiashara wa korosho aliyetoka Nalasi, alikubali kumwangalia nikiwa kazini. Alikuwa akifungasha korosho zake barazani kwangu ili amwone, na kila nikiondoka alisema, "Nenda mwanangu, Mungu atamhifadhi." Mimi nilikuwa nikitembea hadi shuleni nikihesabu vitu ambavyo huenda sikuvizima.

Jumamosi ya pili Baba alinikuta nacheza. Nilitaka kuzima kwa aibu, akaniambia niache. Alivuta kiti, akakaa wima kama yuko ofisini, akauliza huyu ni nani, amefanya kosa gani, na mbona askari hawaonekani. Wahusika huzungumza Kijapani na maandishi ni ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa namtafsiria kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Nilimpa padi ya kuchezea. Hakutaka kupigana. Alitaka kutembea tu. Alizunguka mtaa ule kama askari wa doria, akisimama kwenye kila kona.

Baada ya wiki tatu nilishuhudia jambo lililonifurahisha na kunitisha kwa pamoja. Baba, aliyekuwa hajui choo cha nyumba yangu kiko mlango upi, aliufahamu mtaa ule wote. Nilimwomba anipeleke kwenye duka la dawa, akapita kichochoro, akakata kushoto, akafika. Nilimwomba mgahawa wa samaki, akafika. Mtaa wa kwenye runinga haukuwa ukimgeuka. Kila alipourudia aliukuta ulivyokuwa jana, na uso wake ulitulia kwa namna ambayo sikuiona akiwa kliniki wala kanisani. Nikajiambia nimepata dawa. Nikawa namwachia mashine ikiwaka hata siku za kazi.

Kosa nililifanya kwa mdomo wangu. Katika magenge yale mkuu huitwa baba, na waliokula kiapo kwake huitwa watoto wake. Tulifika mahali ambapo mkuu mmoja mzee anauawa ofisini kwake na mtu aliyemwamini. Baba aliuliza nani amefanya hivyo. Nilikuwa nimechoka, nina madaftari ya kusahihisha mapajani, nikajibu bila kufikiri, "Mtoto wake."

"Mtoto wake wa kumzaa?"

Sikumsikia vizuri. Nikasema ndiyo.

Siku iliyofuata hakula ugali niliopika. Alisema ameshiba. Jioni alikula alichopewa na mama jirani, akakimaliza. Kesho yake tena vivyo hivyo. Siku ya tatu nilimkuta amehamisha kitanda, amekisukumia mlangoni kwa ndani, na ilibidi nimbembeleze kupitia dirishani hadi akafungua. Nilidhani ni ugonjwa unapanda. Siku ya nne nilimpelekea uji, akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi, akamwambia mama jirani aonje kwanza. Mama jirani alionja, akamrudishia kikombe. Baba alisubiri kidogo, akimwangalia usoni, ndipo akanywa.

Nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki. Macho yale nilikuwa nayafahamu. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwona akimtazama hivyo mtu aliyefungwa pingu. Lakini kilichoniogopesha zaidi kilikuwa ndani yangu. Mwezi uliotangulia, siku moja nikifua shuka zake kwa mara ya tatu, nilikuwa nimewaza kwamba mambo haya yakiisha mapema itakuwa nafuu kwa wote. Niliwaza mara moja tu, na sikumwambia mtu. Sasa baba yangu alikuwa ananitazama kama aliyesikia.

Nilificha diski zote kabatini. Hiyo ilizidisha mambo. Aliuliza mtaa uko wapi, na nilipomwambia mashine imeharibika, aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Alhamisi, saa nane mchana, nikifundisha kidato cha tatu, mama jirani alipiga simu. Aliingia ndani kuchukua mifuko, alipotoka kiti kilikuwa kitupu. Niliwaacha wanafunzi bila hata kumuaga mkuu wa shule. Nilikwenda sokoni, nikauliza kwa wauza nyanya na mafundi viatu kama wamemwona mzee mrefu mwenye koti la kijivu. Nilikwenda stendi, nikachungulia magari ya Peramiho, njia ya kwenda kwake Maposeni, moja baada ya jingine. Dereva mmoja wa bodaboda alinibeba barabara nzima ya kutokea mjini, na kila mtaro tulioupita nilikuwa naangalia chini nikiogopa kuona lile koti. Dada alikuwa akipiga simu kutoka Maposeni, nami sikuipokea.

Saa kumi nilipigiwa na namba nisiyoifahamu. Ilikuwa sauti ya askari wa kike. Alisema mzee yuko salama kituoni, namba yangu wameikuta mfukoni mwake, na kwamba nifike, kwa sababu kuna maelezo ameyatoa.

Baba alikuwa kwenye benchi, mgongo umenyooka, kofia magotini. Askari alikuwa binti mdogo kuliko hata wanafunzi wangu wa zamani, lakini hakuwa na tabasamu. Aliniita pembeni ya kaunta. Alisema mzee alifika, akajitambulisha kwa cheo chake, akaripoti mauaji. Ameeleza ofisi ilivyo, ngazi zinakopita, muuaji aliingilia mlango gani na alitokea kichochoro gani. Hajajichanganya hata mara moja. Na amesema muuaji ni mtoto wa marehemu, kwamba sasa mtoto huyohuyo anataka kummaliza na yeye, na kwamba ushahidi umeshafichwa kabatini.

Kisha Baba alisimama, akaninyooshea kidole. "Huyo ndiye."

Hakupaza sauti. Watu wawili waliokuwa wakisubiri kaunta walinigeukia. Askari aliniuliza kama mzee analala njaa. Aliniuliza nani anamwangalia, kwa nini kitanda kilikuwa kimesukumwa mlangoni, kwa nini kuna kitu kimefungiwa kabatini. Kila swali lilikuwa na jibu, na kila jibu nililolitoa lilisikika kama uongo. Niliposema ni gemu ya Kijapani, aliacha kuandika, akaniomba nirudie.

Nilimtolea karatasi za kliniki ambazo hukaa mkobani mwangu. Alizisoma zote, mbele na nyuma. Mama yake mdogo, alisema, aliwahi kuwa hivyo. Lakini akasema pia kwamba mzee akiondoka hapa bila kusikilizwa atarudi kesho, au atakwenda mahali ambako hatutampata. Akavaa kofia yake ya kazi, akaongozana na sisi hadi nyumbani.

Nilifungua kabati mbele yake, nikatoa diski. Niliwasha mashine. Baba alichukua padi, akamwongoza askari kwenye mtaa ule wa Kijapani, akapita vichochoro, akapanda ngazi, akasimama mlangoni pa ile ofisi. "Ni hapa," alisema. Yule binti alipiga goti kando ya kiti chake, akafungua daftari, akauliza maswali kama anavyouliza mtu yeyote: saa ngapi, nani alikuwepo, kisu kilikuwa cha aina gani. Mimi nilisimama ukutani na sikuthubutu kutafsiri neno.

Alipomaliza, Baba alimuuliza, "Huyu binti yangu anahusika?"

"Hapana, afande. Muuaji ni mwanamume, na tumeshamjua. Binti yako ni shahidi."

Baba alifikiri. Alinitazama toka miguuni hadi kichwani. "Basi mpeni ulinzi," alisema. "Shahidi huwa hatarini."

Jioni hiyo alikula nilichopika. Nami nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia hadi kifua kikauma.

Hakukaa mjini sana baada ya hapo. Dada alikuja kumchukua mwezi wa tisa, kwa kuwa alianza kuniuliza kila saa kama milango imefungwa, akanilinda hata usingizi ukawa haumjii. Yuko Maposeni sasa. Nikienda Jumapili ananisalimia kwa heshima ya askari mwenzake, na siku nyingine hanisalimii kabisa. Sitafsiri tena kwa sauti, hata nikiwa peke yangu.

Lakini gemu sijaacha. Mwaka uliopita nilinunua nyingine ya mfululizo uleule, ambayo mambo yake yapo kwenye mji mwingine, wenye mto na daraja. Wiki mbili zilizopita, darasani, nilikosa jina la wilaya moja ya mkoa wetu huu, wilaya niliyoifundisha miaka kumi na miwili. Mwanafunzi wa mbele akaitaja. Nilicheka nao, kisha nikaandika ubaoni nikiwa nimewapa mgongo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama jirani anasema kusahau ni kwa kila mja, nisijitafutie ugonjwa. Huenda ni kweli. Ila siku hizi nikiwasha mashine huwa nazima ramani ndogo ya pembeni mwa skrini, natoka stesheni ya treni kwenda darajani kwa kichwa changu tu, na nikifika kwenye njia panda vidole vinakuwa vya baridi hadi nikumbuke ni wapi pa kukata.