Udongo wa Bibi Stoyna

Zlatina hakuwa mtu wa kutupa kitu. Nililala naye chumba kimoja miaka mitatu kwenye bweni la wanafunzi hapa mjini Plovdiv, na sikumbuki kumwona amebeba mfuko wa plastiki hata siku moja. Yeye alisoma sayansi ya mazingira, mimi sheria. Maganda ya viazi yalikwenda kwenye ndoo ya mboji pale roshani, na soksi zake alizishona hadi zikawa viraka vitupu.

"Wee Zlatina," nilimtania, "siku moja utanitia na mimi kwenye hiyo ndoo."

"Wewe huozi, Kalina. Umejaa biskuti za dukani."

Chakula chetu kilitoka kwa bibi yake, Stoyna, aliyemlea kule Sivodol, kijiji kilicho chini ya kiwanda cha kuyeyusha madini kilichofungwa zamani. Kila Septemba dereva wa basi alituletea masanduku ya chupa: achari ya pilipili hoho na nyanya, karoti na kabichi za siki. Tulipaka achari kwenye mkate asubuhi na jioni, na nusu ya korido ilikuja kuomba. Zlatina aligawa kwa fahari. Chakula kisicho na dawa, alisema, kutoka mkono unaoujua.

Alikuwa na mdogo wake, Mitko, aliyefariki akiwa na miaka sita. Hakuwahi kumaliza sentensi nzima, kisha degedege likamchukua. Zlatina alimtaja mara chache sana.

Mwaka wa tatu, mwalimu wa somo la udongo aliwaagiza wanafunzi wake kila mmoja alete udongo wa kwao. Zlatina alileta kopo zima. "Sasa mtaona udongo wa kweli," aliwaambia wenzake.

Majibu yalitoka Machi. Nilimkuta ameketi sakafuni, koti bado mwilini.

"Madini ya risasi," alisema. "Mara kumi na nne ya kiwango salama. Nimepima na mboga za chupa pia. Karoti ndizo mbaya zaidi."

Nilikuwa nimetoka kula. Niliusikia ulimi wangu mdomoni kama kitu cha mtu mwingine.

Jumamosi tulikwenda Sivodol. Bibi Stoyna alikuwa amepiga magoti bustanini, anapanda vitunguu.

"Bibi, acha. Huu udongo una sumu."

"Najua," alijibu bila kuinua kichwa. "Walikuja watu na nguo nyeupe, wamejifunika hadi pua. Wakasema tusilime. Nikawauliza, tule nini, moshi? Wakapanda gari lao, hawakurudi."

"Ulijua, na ukatulisha?"

"Majirani walilima. Watoto wao walikua. Nikasema labda wale watu wamekosea."

"Na Mitko, Bibi?"

Mikono ya Bibi Stoyna ilisimama. "Mitko alipenda karoti," alisema mwishowe. "Nilikuwa namng'olea mwenyewe." Kisha akaendelea kufukia vitunguu, na Zlatina akamwacha.

Tuliporudi, chupa thelathini na moja zilikuwa bado chini ya vitanda vyetu. Kuzimwaga kwenye sinki ni kupeleka sumu mtoni. Kuzitia jalalani ni kuirudisha ardhini. Tukalala juu yake hadi Juni. Nilikuwa narudi kutoka darasani mchana na kumkuta amechuchumaa, anazitazama.

"Unasikia?" aliniuliza siku moja. "Kama mtoto analamba kijiko."

"Ni bomba la maji ya moto, Zlatina."

"Najua ni bomba."

Lakini hakuondoka pale.

Mwishowe mwalimu wake alipata gari la kuchukulia taka za sumu. Vijana wawili wenye glavu walizibeba, na mmoja akauliza kama kweli ni achari.

Kwa kazi yake ya kumalizia chuo, Zlatina alirudi Sivodol na muuguzi kupima damu za watoto. Wazazi walimfungia milango. "Unataka nani anunue nyanya zetu?" mwanamke mmoja alimfokea. Wa kwanza kukunja mkono wa nguo hadharani alikuwa Bibi Stoyna, apimwe yeye mwenyewe, na baada yake wengine wakaleta watoto wao. Watoto ishirini na sita kati ya arobaini walikuwa na risasi kupita kiasi. Safari hii kijiji kilipata daktari na maji ya bomba. Udongo uko vilevile.

Bibi alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Zlatina aliolewa na Asen, mwalimu wa shule ya Sivodol. Daktari alimweleza jambo ambalo alikwishalisoma mwenyewe: risasi hujificha mifupani, na mama akibeba mimba, mifupa humtolea mtoto ilichoficha. Kwa miaka mitano alikataa kuzaa. Sasa ana mimba ya miezi mitano, na kila mwezi anakuja Plovdiv kupimwa damu. Vipimo vinapanda kidogo, vinashuka kidogo.

Juzi alinipigia simu.

"Amecheza leo, Kalina. Mara ya kwanza."

"Hongera, mpenzi! Ulijisikiaje?"



"Nilimwomba msamaha," alisema.