Mtu Huyo Hatumjui

Benita alikuwa fundi cherehani, lakini watu wa jengo lile la Yeoville, mtaa wa wahamiaji, walimheshimu zaidi kwa mlango kuliko kwa sindano. Meza yake ilikuwa chini, ubavuni mwa geti, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyepanda ngazi bila yeye kumkagua kwa jicho moja, lile jingine likiwa kwenye uzi. Mgeni akiuliza jina la mtu, jibu lilikuwa moja: mtu huyo hatumjui. Hakulibuni yeye. Wakongomani wote wa jengo walikubaliana hivyo, maana anayekuja kukuulizia kwa jina la kwenye makaratasi ni nadra kuja na heri. Huenda ni mtu wa uhamiaji, huenda ni mwizi aliyesikia umepokea mshahara. Ndugu wa kweli hupiga simu kwanza. Benita alilitoa jibu hilo kwa ustadi, uso mkavu kama wa hakimu, na geti likishafungwa hucheka peke yake. Tumlaumu? Waliolala salama kwa ajili ya uso ule walikuwa wengi, naye alilijua hilo, na kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

Ghorofa ya pili aliishi Placide, mlinzi wa maduka kule Malvern, pamoja na mkewe Murielle, msusi. Wote walikuwa wa Bukavu, kama Benita. Placide alikuwa na presha ya kutisha, ila alikuwa na bahati ambayo wengi jengoni hawakuwa nayo: kampuni yake ilimkatia bima ya afya. Bima yenyewe ilikuwa na masharti. Dawa za kila siku hazikuchukuliwa duka lolote. Zilitoka famasi moja ya mbali, ambayo Placide hakuwahi hata kuiona, na kila mwezi dereva alizileta hadi getini. Dereva huyo alikuwa mzee mcheshi mwenye fulana ya manjano, aliyeanza kuita "Papa Placide!" akiwa bado barabarani. Benita alimzoea hata akawa anamshonea vifungo.

Mwezi wa Juni mzee yule alistaafu, na hakuna aliyewaambia. Akaja mwanamume mwenye koti jeusi, gari lake jeupe halina maandishi, mkononi ana simu tu. Akasoma jina la Placide lote, la baba na la babu, kama linavyosomwa mahakamani. Benita hakuinua mguu kwenye pedali.

"Huyo mutu hatumujui hapa," alimwambia, kisha akairudia kwa Kiingereza.

Kesho yake mwanamume akarudi. Safari hii Benita akaongeza chumvi, akasema mtu huyo alihama zamani. Mwanamume akaandika kitu kwenye simu, akaenda zake. Benita hakumwambia Placide. Hakutaka kumtia hofu bure mtu anayekesha kazini.

Wiki iliyofuata Placide akasimama mezani pake, akamwita Yaya, yaani dada mkubwa, kama ilivyo desturi ya kwao. "Yaya Benita, hakuna kifurushi yangu ilifika?"

"Hakuna, Papa Placide."

Na kweli, kifurushi hakukiona. Placide alipiga simu famasi, akachezewa muziki mpaka salio likaisha. Basi akaanza kuvunja vidonge nusu nusu, kisha nusu kwa siku mbili, akisema vingine vitafika tu. Siku ya kumi na tisa alianguka kazini. Kiharusi. Mkono wa kuume ukalala, mdomo ukapinda upande.

Hospitalini, Murielle alimwambia Benita, "Ba famasi banasema dereva alifikaga mara mbili." Alisema polepole, akimtazama. Hapo Benita akaelewa. Koti jeusi, gari jeupe! Alitaka kusema, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Badala yake akasema, "Mungu atasaidia."

Tangu hapo wema wake ukapita kiasi. Alipika uji kila asubuhi, akafua mashuka, akamshonea mgonjwa mashati ya kuvaliwa kwa mkono mmoja. Murielle alipokea kila kitu, kisha alisimama kidogo mlangoni. "Kuko kingine, Yaya?" aliuliza kila mara. "Hapana, ni hiyo tu," Benita alijibu, akateremka ngazi haraka. Majirani walimsifu mpaka akazichukia sifa zao. Alikuwa mwoga, na alijijua kuwa mwoga.

Mwezi wa nne tangu kiharusi kile, hakuweza tena. Alipanda ngazi mikono mitupu, akamkuta Murielle anamnyoa mumewe ndevu. Akamwomba watoke koridoni. Akaeleza yote bila kujitetea, machozi yakimtiririka. Murielle alisikiliza hadi mwisho, wembe ukiwa bado mkononi.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Balinisomea mu telefone vile dereva aliandika: mama wa mashini ya kushona alisema hatumujui, kesho yake akasema alihama. Ni wewe tu uko na mashini pale chini."

"Na haukuniambia kitu, Murielle?"

"Ile ya geti sikukukasirikia. Hata mimi ningesema vile. Hata Placide angesema vile." Alifuta povu la sabuni kwenye wembe kwa kidole gumba, taratibu. "Nilikuwa nangoja useme. Kila uji ulileta, nilikuuliza kama kuko kingine. Kila uji, Yaya! Kama ungekuja ile wiki, tungelia pamoja. Sasa nilishalia peke yangu, nilimaliza."

Ndani, Placide aliita kwa sauti isiyotamka vizuri. Murielle akaingia kummalizia ndevu. Benita alibaki koridoni, na alichojutia sasa ni ile miezi minne ya uji.