Nilimshikisha Wifi Yangu Msahafu kwa Ajili ya Vifaranga

Nimekosa, na kosa langu nimelificha nyuma ya heshima ya ualimu. Nawaambia nyinyi msionijua, kwa kuwa wanaonijua hapa Junda wanaamini wifi yangu aliondoka kwa hiari yake.

Alipoachika alikuja kukaa nasi, na jogoo wake asiye na manyoya shingoni. Mimi nilifuga mitetea ya kuchi, wale kuku warefu wa asili ya kupigana, na nilitaka mbegu ile ibaki safi. Nilipopata jogoo wa kuchi, nilimwomba amtenge wake. Siku hiyohiyo akamfunga kamba nyuma ya jiko, bila kununa. Baada ya wiki moja nikaanza kuweka mayai ya kuatamiwa.

Vifaranga walipoanguliwa, wanne walikuwa shingo tupu.

Hasira zikanipanda. Nikiwa kazini, ufunguo wa banda hubaki kwa wifi, nani mwingine? Nikamwita mbele ya mume wangu, ambaye ni kaka yake. Alisema jogoo hajafunguliwa hata mara moja. Nikamjibu kwamba amezoea kuharibu vya watu, ndiyo maana ndoa ilimshinda. Laiti ningeishia hapo!

"Basi shika msahafu," nikamwambia.

Mume wangu akatazama chini. Wifi hakubishana. Alikwenda kutawadha, akarudi mikono ikimchuruzika maji, akaapa. Kisha akaniuliza taratibu, "Umetosheka, wifi?"

Asubuhi akaenda Likoni kwa shangazi yake, jogoo kwapani.

Miezi ikapita. Jogoo wangu wa kuchi akafa. Siku chache baadaye nikahamishia mitetea banda jipya, na mmoja akaatamia mayai aliyoyataga humohumo. Nilimwachia kwa kumhurumia tu, nikijua hayataanguliwa. Jogoo hakuwamo, ufunguo ulikuwa mkobani mwangu.

Mayai yakaanguliwa.

Nilikaa chini pale mlangoni pa banda. Ndipo nikampigia simu daktari wa mifugo. Akanieleza kuwa kuku huhifadhi mbegu ya jogoo mwilini wiki mbili, pengine tatu, na anayebadilisha jogoo hungoja mwezi mzima kabla ya kuatamisha. Jambo la kuuliza tu! Nami nilimwapisha mtu kabla ya kuuliza.

Nikaenda Likoni. Alinikaribisha, akanitilia chai, akaniacha nimalize maneno yangu yote.

"Nimekusamehe, wifi, wallahi," akasema. "Lakini kwako sirudi. Kila kifaranga akitoka na kasoro, utanitazama mikono."

Mume wangu hajanilaumu hata siku moja. Ila tangu wakati ule, akitaka kunieleza jambo lolote, hata kwamba amechelewa kwa foleni ya feri, huanza kwa kuapa.

Wewe unayebadilisha jogoo, subiri mwezi. Na wewe unayemshuku mtu wa nyumbani kwako, subiri zaidi ya hapo.