Ulezi Wenye Muhuri

Mama alikuja kukaa kwangu Milanzi, mjini, akiwa amekonda mpaka kitenge kilimzunguka mara mbili. Baba ndiye aliyemleta, juu ya lori la mahindi, akanivuta pembeni na kuniambia kwamba amechoka kumbembeleza mtu mzima ale. Tulikuwa tumemzika mdogo wetu wa mwisho kiangazi kile, na tangu watu watawanyike msibani Mama hakuwa amempikia mtu kitu, wala hakugusa chakula kilichopikwa na mwingine. Aliishi kwa viazi alivyochimba mwenyewe na chai ya rangi.

Nitaeleza mara moja tu kilichotokea. Zamani dawa ya kuhifadhia mahindi ililetwa na chama cha ushirika, na bwana shamba alikuja kijijini kueleza inachanganywaje na mahindi yakae muda gani kabla ya kusagwa. Soko huria lilipoingia, ushirika wetu ukafa, bwana shamba akaadimika, na dawa ikawa inauzwa gulioni kwa kijiko, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Muuzaji alimwambia Mama ni ileile ya siku zote. Mama akaichanganya kwa mikono yake kama alivyozoea. Haikuwa ileile. Walioamkia uji wa unga ule waliumwa wote, na mdogo wangu hakufika hospitali. Uji huo aliupika Mama.

Kwa hiyo pale kwangu kazi ilikuwa moja, Mama ale asije akatufia. Nilipika wali, akauliza mchele umetoka wapi. Nikamwambia bondeni. Akauliza huko wanapulizia nini, nami sikujua, akaisogeza sahani kwa upole kama mgeni aliyeshiba. Mchicha aliunusa akaurudisha kwenye ungo. Kulikuwa na mama mmoja Msukuma aliyetuuzia maziwa, watu wao walihamia na ng'ombe wao upande ule, nikadhani hapo nimepata. Mama akamuuliza ng'ombe wameogeshwa lini. Yule mama, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kudanganya, akasema jana, josho lilikuwa na dawa mpya. Maziwa yakaishia hapo.

Mimi sina subira, na wanaonifahamu watakuhakikishia. Siku hiyo nilimwambia Mama kwamba kama anataka kumfuata mtoto aseme tu, niache kuchoma mkaa wangu bure. Alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja niliokuwa nimeufagia asubuhi. Nililia huku nashona, na gauni la mteja nililishona mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Mteja mwenyewe, alipokuja kulalamika, ndiye aliyeniambia kuhusu duka moja mtaa wa Majengo. Lilikuwa la kikundi cha wakulima wa kilimo hai, mazao yao yalikaguliwa na kupigwa muhuri, mengi yalisafirishwa mbali na yaliyobaki yakauzwa pale. Nilimpeleka Mama bila matumaini. Alimsalimia mwenye duka, akakaa kwenye benchi, kisha akauliza swali ambalo mimi nisingefikiria kuliuliza.

"Huyo anayekagua, ni ndugu yenu?"

Mwenye duka alicheka, lakini alipomwona Mama hacheki akaacha. Akamweleza kwamba mkaguzi anatoka mbali, hana undugu na mtu, anapita shambani, anaingia mpaka ghalani, anauliza majirani, na akikuta dawa unaondolewa kwenye kikundi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu aje, kumwona anataka kitu.

Shida ikawa bei. Mafuta ya alizeti yalikuwa kwenye chupa nzuri sana, nikayarudisha kwenye rafu kwa mikono miwili. Unga wa paketi ulikuwa wa watu wanaokula bila kuuliza bei. Tuliujaribu mara moja, Mama akala vijiko vichache, na wiki hiyo watoto wangu walikunywa chai bila sukari. Asali tuliiangalia tu. Kidogo kidogo nikajifunza kwamba ukinunua paketi unanunua na karatasi yake. Ulezi wenyewe, wa kupimwa kutoka kwenye gunia lenye muhuri uleule, haukuzidi sana wa sokoni. Maharage yaliyochanganyika rangi yaliuzwa rahisi kwa sababu wanunuzi wa mbali hawakuyataka, na tumboni rangi haijulikani. Mafuta tukayaacha, tukawa tunaunga kwa karanga za kutwanga. Ulezi, maharage, karanga. Hivyo ndivyo tulivyoweza, na nilikuwa najivunia.

Kila tulipokwenda Mama aliomba gunia ligeuzwe auone muhuri. Hakujua kusoma. Nilimtania kwamba labda umeandikwa jina la aliyesuka gunia. Alisema hata kama, aliyeupiga aliona kwanza.

Ulezi wa kwanza alikataa kuupeleka mashineni, kwa kuwa mashine ilikuwa imetoka kusaga mahindi ya watu. Alitafuta jiwe, akapiga magoti uani kwangu akasaga kwa mkono, majirani wakachungulia na kucheka kwamba kijiji kimehamia mjini. Akasonga ugali mwenyewe. Alimega tonge, akalitazama, akala. Kisha jingine. Nilitoka nikaenda nyuma ya bafu, nikalia kwa furaha na kwa uchungu vikiwa pamoja, maana yule aliyepaswa kula naye hakuwepo.

Alipopata nguvu alitaka kurudi nyumbani kulima ulezi wake mwenyewe na kuingia kwenye kikundi. Baba alishangaa. Shamba walilolitaka wakaguzi ni lile la matuta ya mviringo, ntumba, ambayo unafukia majani yaoze ndipo upande, namna ileile bibi yangu aliyolima kabla mbolea ya mfuko haijaja. Walilima hivyo msimu mzima wakingoja mkaguzi, nami nikafunga cherehani niwepo siku hiyo.

Mkaguzi alikuwa kijana mstaarabu. Alimwamkia Mama shikamoo, akapita kati ya matuta, akachimba kidogo, akaridhika. Halafu akasimama mbele ya kihenge cha nafaka na kuuliza mara ya mwisho dawa iliingia humo lini. Baba alidakia haraka kwamba ni zamani, ni mambo ya wauzaji wa gulioni. Mama alimsogeza kwa mkono.

"Ni mwaka aliofariki mwanangu," alisema. "Niliiweka mimi."

Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemsikia akilisema. Kijana aliishusha kalamu, akasema pole, mama. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba kihenge hicho hakifai tena, na kwamba shamba lisubiri misimu kadhaa kabla ya kupewa cheti. Mama aliitikia kila neno. Jioni ileile alikibomoa kihenge peke yake, fito kwa fito, na alitukataza kumsaidia.

Cheti cha kikundi kilipotoka kikiwa na shamba lake ndani, nilikwenda nyumbani na watoto. Nilidhani sasa yamekwisha. Mama alisonga ugali wa ulezi wake mwenyewe, ulezi alioupanda, akaupalilia, akauvuna na kuusaga, ambao mtu asiye ndugu yake alikuwa ameuthibitisha. Tulinawa tukakaa. Baba, ambaye maisha yote ndiye aliyeanza kumega, alinyoosha mkono, na Mama akamshika kifundo.

"Subirini kidogo," alisema.

Alimega tonge akala peke yake, halafu akatulia, akijisikiliza tumboni. Watoto wangu walikaa na mikono yenye maji, hawaelewi. Ugali ukapoa. Alipoona bado yuko mzima, akatuambia tule. Alifanya hivyo kila mlo mpaka alipofariki, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia aache.