Safari ya dunia imeishia mezani

Jamani, leo nimeanza kuizunguka dunia!

Uongo. Nimefika mjini kuomba pasipoti, nikarudi Ujiji kichwa chini.

Na michikichi yangu yote nilishaiuza kwa safari hii.

Binti wa pale ofisini kanipokea vizuri. "Shikamoo, mzee. Umeshawahi kutoka nje ya nchi?"

Mdomo wangu huu! Nikataka anione msafiri mzoefu.

"Marahaba. Mwanangu, mimi nje ndiko nilikozaliwa! Mama alivuka ziwa kwenda kujifungulia kwao, Kongo. Mimba ya kwanza, si unajua."

Kalamu ikasimama.

"Una karatasi ya uraia wa baba, mzee?"

"Nina kaburi lake, hapo Ujiji."

Hakucheka. Kitambulisho changu kakibakiza mezani, mpaka nilete mtu aliyemjua baba.

Uzee wote huu, leo bila kitambulisho naogopa hata kwenda Mwandiga, hapa jirani tu.

Nimewahesabu waliomjua baba. Wote wamezikwa, kasoro Hamisi.

Hamisi, najua unasoma hapa kimyakimya. Shahidi wako alipokukimbia siku ya ndoa, nani alisimama mbele ya shehe?

Jumatatu asubuhi vaa kanzu, twende wote.