Kikohozi cha Baba

Mimi sijui kutulia, na sikujua tangu zamani. Mama alikuwa akisema nimeingiwa na siafu kwenye nguo. Basi kijiji chetu cha ujamaa, huko upande wa Kang'ata, kilipoanzisha kikundi cha maigizo, nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina, hata kabla sijamwomba baba ruhusa.

Mwalimu wetu alikuwa Msambaa wa Bungu. Alituambia kwamba enzi za mkoloni, shuleni kwao, walicheza michezo ya Wazungu wakiwa wamejifunga mashuka, wakisema maneno wasiyoyaelewa. "Sasa tumejitawala," alisema, "tuigize ya kwetu." Jukwaa lilikuwa madawati yaliyofungwa kwa kamba za katani. Alitufundisha tusiwape watazamaji mgongo, tutupe sauti mpaka kwa aliyekaa nyuma kabisa, na tungoje kicheko kipungue ndipo tuseme. Na hili: "Usibuni mtu hewani. Chukua mtu unayemjua."

Nilipewa mzee mbishi anayekataa kuhamia kijijini. Haya, nimchukue nani tena? Baba yangu alihama wa mwisho, akinung'unika njia nzima kwa ajili ya shamba lake la mahindi. Kabla hajasema neno alikuwa na desturi yake: kikohozi kifupi, kisha kirefu, halafu anafuta mdomo kwa ncha ya msuli. Nilikichukua kikohozi hicho kizima kizima.

Kwetu, mjukuu kumwiga babu ni utani, na babu mwenyewe atacheka mpaka ampe muwa. Mtoto kumwiga baba mbele za watu ni kumvua nguo. Nilijua. Lakini nilijidanganya kwamba jukwaani mimi si mimi.

Siku ya onyesho baba alikaa benchi la pili. Nilipokohoa mara ya kwanza watu walicheka, kisha shingo zikageuka kumtazama yeye. Hapo ningeacha. Jamani, kicheko kitamu! Nikakohoa tena, na tena, hata pasipohitajika. Baba naye alicheka kidogo, mkono mdomoni.

Nyumbani aliniambia, "Umecheza vizuri, mwanangu." Basi. Tangu siku hiyo hakukohoa tena mbele yangu. Kikimbana, alitoka nje, akaenda nyuma ya ghala la mahindi, akarudi macho mekundu.

"Kamwombe radhi baba yako," mama aliniambia.

"Kesho, mama."

Kesho tulikuwa na mazoezi, na keshokutwa lori la kutupeleka mashindanoni Korogwe. Tulishinda. Nilirudi nimevimba kichwa, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na radhi sikuomba. Niliona aibu, na aibu ikanitia ukali usio na maana. Kila siku nilizungukazunguka mlango wa chumba chake nikiyapanga maneno, mimi niliyekuwa sisahau hata mstari mmoja wa mchezo, kisha nikajitafutia shughuli nyingine.

Kumbe kikohozi kile kilikuwa kimegeuka ugonjwa, nasi hatukukisikia. Damu aliifukia kwa mguu kule nyuma ya ghala. Tulipomfikisha hospitali hakuwa na pumzi ya kuzungumza. Alifariki siku ya tatu, na mimi langu bado sijalisema.

Matangani, mtani wetu alivaa kofia ya marehemu, kama ilivyo ada ya watani, akaanza kumwiga. Akakohoa: kirefu, kisha kifupi. Watu wakacheka huku wakilia.

"Siyo hivyo!" nikaropoka. "Anaanza na kifupi."

Wote wakanigeukia. Mtani akaivua kofia, akanikabidhi. "Haya, fundi. Tuonyeshe."

Nikasimama, nikaivaa, nikafungua mdomo. Kikohozi hakikutoka. Kilichotoka ni "Baba, nisamehe," kwa sauti ndogo ambayo hata aliyekaa karibu nami hakuisikia.